Klabu Zenyewe Zilimfundisha Shabiki Kukosa Subira

Oktoba 18, 2025 Yanga ilifungwa bao 1-0 na Silver Strikers mjini Lilongwe, katika mechi ya mkondo wa kwanza ya kusaka nafasi ya kuingia makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Siku hiyohiyo klabu ikatangaza kuachana na kocha wake, Romain Folz. Mfaransa huyo alikuwa na miezi michache tu kazini. Mwezi mmoja nyuma aliifunga Simba 1-0 kwenye Ngao ya Jamii, kisha akaitoa Wiliete ya Angola, na kwenye ligi alikuwa hajapoteza mechi. Lakini kwa wiki kadhaa mashabiki walikuwa wakilalamika kwamba timu inashinda bila kucheza mpira wa kueleweka, na sare ya 0-0 dhidi ya Mbeya City ikawachefua zaidi. Kipigo cha Malawi kilipokuja, hukumu ilikuwa imeshaandikwa vijiweni. Tangu hapo maelezo yanayosikika kwenye redio na kwenye mitandao ni yaleyale: shabiki wa Yanga amelewa ubingwa. Ametwaa mataji 4 ya ligi mfululizo, amesahau njaa, sasa anataka kila mechi iwe ya mabao 5.

Tafsiri hiyo siikubali, ingawa naelewa inakotoka. Ni kweli kwamba shabiki wa timu inayoshinda amebadilika, na baadhi ya mabadiliko hayo ni mabaya. Lakini hakubadilika mwenyewe kwa sababu ya kushiba. Katika miaka hii ya mafanikio klabu zetu kubwa zimemwondoa kwenye nafasi ya mwenye timu na kumweka kwenye nafasi ya mnunuzi. Zimembakizia kitu kimoja tu mkononi, nacho ni sauti. Kisha zimekuwa zikiitii sauti hiyo pale inapowafaa viongozi na kuipuuza pale isipowafaa. Mtu aliyewekwa hapo, akigundua kwamba kelele zake zinamwondoa kocha ndani ya saa chache, atapiga kelele tena wiki ijayo. Huo ni ujuzi aliofundishwa, na waliomfundisha ndio hao wanaomlaumu.

Ili tuelewane, turudi nyuma kidogo, kwenye miaka ambayo wengi wa Yanga hawapendi kuikumbuka. Yusuf Manji alipojiuzulu uenyekiti mwaka 2017, Yanga ilikuwa bingwa mara 3 mfululizo, lakini fedha zilizoiendesha zilikuwa zikitoka kwa mtu mmoja. Alipoondoka, na fedha zikaondoka. Mishahara ikachelewa, wachezaji wakagoma mazoezi, wengine wakahama. Msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera, Mkongomani, akawa anafundisha huku akihamasisha michango. Lile bakuli la michango lililogeuzwa utani na watani wa jadi lilikuwa jambo la kweli kabisa. Watu walituma shilingi 1,000 na 2,000 kwa simu, matawi ya mikoani yakachangishana, na timu ilipokwenda kucheza ugenini ilikuta wenyeji wa huko wamejiandaa kuisaidia. Kikosi kile, ambacho kwa majina hakikukaribia cha Simba ya wakati ule, kilimaliza ligi kikiwa nafasi ya pili. Wakati huo Simba ilikuwa imefika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika na ilikuwa inaelekea kutwaa ubingwa wa pili kati ya ile 4 mfululizo. Ukisema shabiki wa Yanga anajua kupenda timu ikishinda tu, una kazi ya kueleza ule msimu.

Jambo ninalotaka lionekane kwenye kipindi kile ni nafasi ya shabiki. Hakuwa na subira kwa sababu ya wema wa moyo peke yake. Alikuwa na subira kwa sababu alikuwa anajua. Aliambiwa fedha hazipo, aliambiwa nani anadai mshahara, aliombwa achangie, na mchango wake ulionekana pale timu ilipopanda basi. Alipofungwa alihuzunika, lakini hakuuliza kwa nini kocha hachezeshi mpira mzuri, maana jibu alikuwa nalo. Mtu anayejua hali ya nyumba yake hulalamika tofauti na yule anayekaa sebuleni akisubiri kuletewa chakula.

Kisha mambo yakabadilika, na mengi kati ya mabadiliko hayo yalikuwa mazuri. Kampuni ya GSM ikaingia Yanga na fedha za usajili. Simba walikuwa wameshatangulia na mfanyabiashara Mohammed Dewji. Mwaka 2021 Azam TV wakasaini mkataba wa haki za matangazo ya ligi wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, na Benki ya NBC ikawa mdhamini mkuu wa ligi. Kampuni za kubashiri zikajaza vifua vya jezi. Mwaka 2023 hata Ikulu ikaingia: Rais Samia Suluhu Hassan akaanza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila bao ambalo Simba au Yanga inafunga kwenye mashindano ya Afrika, na dau likapanda kadiri timu zilivyosonga mbele. Sina ugomvi na fedha hizi. Bila hizo Yanga isingefika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, wala Simba isingefika fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025. Aliyeona wachezaji wetu wakilala njaa hawezi kuomba siku zile zirudi.

Fedha hizo, hata hivyo, zilimpa shabiki kazi mpya bila kumwuliza. Sasa anatakiwa anunue jezi mpya kila Agosti, ajaze uwanja Simba Day na Wiki ya Mwananchi, alipie king'amuzi, afuatilie kurasa za klabu ili wafuasi wahesabike mbele ya wadhamini. Habari za klabu yake anazipata kutoka kwa ofisa habari, na ofisa habari wa siku hizi ni mtu wa hamasa. Anajua kuchekesha, kumtania mtani na kuuza tiketi. Mkataba wa mchezaji unaisha lini, kocha alipewa malengo gani, kwa nini usajili huu umefanyika na ule umeachwa, hayo shabiki huyasikia kama tetesi, mara nyingi kutoka kwa mtu asiye na uhakika. Ni kweli wanachama wana mikutano mikuu, na Yanga ilifanya uchaguzi Julai 2022 uliomweka Hersi Said kwenye kiti cha urais. Ni hatua, nami naihesabu. Lakini mkutano wa mara moja kwa mwaka haumgusi yule wa Tandahimba au Nzega ambaye hana kadi lakini ana jezi 3. Huyo klabu inamfahamu kwa kitu kimoja, ununuzi wake.

Novemba 2024, siku Yanga ilipofungwa 3-1 na Tabora United, nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja Tandika. Mabenchi ya mbao yalikuwa yamejaa, kijana wa mlangoni bado ana noti za viingilio mkononi, na kipenga cha mwisho kilipolia kaka mmoja aliyevaa jezi ya kijani ya msimu uliopita akasimama na kusema benchi lote la ufundi liondoke usiku uleule. Watu wakamuunga mkono. Mzee mmoja akamuuliza, haya, aje nani? Akajibu bila kufikiri, "Hiyo kazi ya Injinia," akimaanisha rais wa klabu, Hersi. Naona ndani ya jibu hilo kuna mambo yote tunayoyajadili. Kijana yule hakuwa na jina la kocha mpya, hakuwa na hoja kuhusu mfumo wa uchezaji, na hakujiona kama mtu anayepaswa kuwa navyo. Sehemu yake ilikuwa kudai. Sehemu ya kuchagua ni ya wengine, na ameizoea hali hiyo kiasi kwamba haimuumi.

Kuna hoja moja inayorudiwa sana, kwamba wanaofanya fujo na kuzomea ni mashabiki wa msimu, watu waliokuja na ubingwa, na kwamba wale wa damu hawana tabia hizo. Kati ya hoja zote zilizopo mezani, hii ndiyo dhaifu kuliko nyingine. Tanzania hatuchagui kati ya Simba na Yanga tukiwa watu wazima kwa kuangalia msimamo wa ligi. Timu tunaikuta nyumbani, kwa baba, kwa mjomba, kwa kaka aliyetubeba begani kwenda uwanjani, au tunaichukua makusudi kumpinga mmoja wao. Anayehama kutoka Msimbazi kwenda Jangwani ni nadra hadi akawa habari. Haji Manara alipohama mwaka 2021 nchi nzima ilisimama kwa sababu hiyo, na yeye alikuwa msemaji wa Simba anayelipwa. Kinachoongezeka timu inaposhinda ni sauti za waliokuwa kimya, jezi zilizokuwa sandukuni na foleni ya tiketi. Hata kama tukikubali kwamba wapo wageni, hawakuwa wageni waliomzomea kocha peke yao. Mzee mwenye kadi ya uanachama ya miaka ya themanini anazomea vilevile, na pengine kwa matusi ya zamani yaliyo makali zaidi.

Hoja yenye nguvu ni nyingine, nayo inastahili kujibiwa kwa heshima. Inasema presha ya mashabiki inafanya kazi. Folz aliondoka, wiki moja baadaye Yanga ikaifunga Silver Strikers 2-0 kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, chini ya kocha wa muda Patrick Mabedi, ikaingia makundi. Mwaka mmoja kabla, Miguel Gamondi alitimuliwa baada ya vipigo 2 mfululizo, kutoka kwa Azam na Tabora United, na Yanga ikaishia kutwaa ubingwa. Kwa nini basi tumlaumu shabiki asiye na subira, ikiwa kukosa subira kwake kunaleta mataji? Klabu kubwa duniani zinaishi hivyo. Anayetaka kazi isiyo na presha asije Kariakoo. Kuna ukweli hapa. Timu inayotaka kutawala Afrika haiwezi kuridhika na sare, na shabiki anayedai ubora anaisaidia klabu isilale. Nisingependa siku moja tuwe na mashabiki wanaopiga makofi wakati timu imeacha kukimbia.

Tatizo la hoja hiyo ni kwamba inahesabu taji la ndani na kuacha kilichopotea nje. Gamondi ndiye aliyeifunga Simba 5-1 Novemba 5, 2023. Ndiye aliyeipeleka Yanga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatoka sare na Mamelodi Sundowns mechi zote mbili na kutolewa kwa penalti, huku bao la Aziz Ki lililokataliwa likiacha kidonda ambacho hakijapona mpaka leo. Msimu uliofuata aliianza ligi kwa kushinda mechi 8 mfululizo. Alipoondolewa katikati ya Novemba, kocha mpya Sead Ramović alipata chini ya wiki 2 kabla ya mechi ya kwanza ya makundi. Yanga ikafungwa 2-0 nyumbani na Al Hilal ya Sudan, ikafungwa 2-0 ugenini na MC Alger, kisha ikapambana kwa mtindo uliopewa jina la gusa achia twende kwao na kumaliza na pointi 8. MC Alger ikapita kwa pointi 9. Pointi 1. Siwezi kuapa kwamba Gamondi angeipata, lakini sioni pia jinsi mtu anavyoweza kuangalia mechi zile 2 za kwanza na kusema mabadiliko ya ghafla hayakuwa na gharama. Kisha Ramović naye akaondoka Februari kwenda Algeria, akaja Miloud Hamdi, halafu Folz, halafu Pedro Gonçalves. Kila mmoja ana mazoezi yake, lugha yake na wachezaji anaowataka.

Ushahidi ulio kinyume na huo upo ndani ya klabu hiyohiyo. Oktoba 2022 Yanga ilitolewa na Al Hilal kwenye Ligi ya Mabingwa na kuangukia Kombe la Shirikisho. Sare ya 0-0 nyumbani dhidi ya Club Africain ikafuata, na kelele za kutaka Nasreddine Nabi aondoke zikawa kubwa kwa kiwango ambacho leo tunakisahau kwa sababu tunajua ulivyoisha msimu ule. Viongozi hawakumwondoa. Yanga ikaenda Tunis ikashinda 1-0, bao la Aziz Ki. Novemba 29 ikafungwa 2-1 na Ihefu kule Mbarali, na mwendo wa mechi 49 za ligi bila kupoteza ukaishia hapo. Nabi akabaki tena. Mei 28, 2023 Yanga ilikuwa inacheza fainali ya Afrika. Ilifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, ikaenda Algiers ikashinda 1-0, na kombe likaondoka kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Fiston Mayele akamaliza akiwa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao 7. Msimu bora kabisa wa kimataifa katika historia ya klabu ulipitia katikati ya kelele za mashabiki wasio na subira, na uliokolewa na viongozi waliozisikia kelele hizo bila kuzitii.

Kwa hiyo mashabiki wa 2022 na wa 2024 ni walewale, wakiwa na hasira ileile. Waliotofautiana ni waliokaa ofisini. Na hili haliihusu Yanga peke yake. Simba ilimwondoa Patrick Aussems Novemba 2019, miezi michache baada ya kuipa ubingwa na robo fainali ya Afrika. Baada ya hapo Simba ikazoea kubadilisha makocha, na ilipoanza kupoteza ubingwa mwaka 2022 ikaongeza kasi: Pablo Franco, Zoran Maki, Juma Mgunda, Robertinho, Abdelhak Benchikha. Shabiki aliyezoea pira biriani, yaani soka la kuvutia, aliahidiwa kwamba kila kocha mpya atalirudisha. Msimu wa 2024/25 ndipo klabu ilipofanya jambo tofauti: ikasajili vijana wengi, ikamleta Fadlu Davids, na viongozi wakawaambia mashabiki kwamba wanajenga timu upya. Watu wakaelewa. Walipoteza mechi zote za watani msimu ule na bado uwanja ulijaa, na timu ikaongoza kundi lake la Kombe la Shirikisho kwa pointi 13 hadi kufika fainali dhidi ya RS Berkane. Hawakuwa mashabiki wapya. Walipewa habari za kweli, wakapewa muda, nao wakatoa muda.

Mpaka hapa nimemtetea shabiki. Kuna mahali siwezi kumtetea, napo ni pale mafanikio yanapogeuka kuwa ruhusa ya kuumiza. Desemba 15, 2024 Simba ilikuwa inacheza na CS Sfaxien ya Tunisia kwa Mkapa. Bao la ushindi la Kibu Denis lilikuja dakika za nyongeza, matokeo yakawa 2-1. Baada ya hapo Watunisia wakamvamia mwamuzi, vurugu zikapanda majukwaani, na polisi wakatangaza kwamba viti 256 vimeng'olewa. Upande wa wageni ulikuwa na sehemu kubwa ya lawama, hilo halina ubishi. Lakini mashabiki wetu nao walirusha viti, na walifanya hivyo wakiwa wameshinda, wakati timu yao imetoka kupata pointi 3 muhimu kuliko zote za hatua ile. Shirikisho la soka Afrika, CAF, likaitoza Simba faini ya dola 40,000 na kuiamuru icheze mechi moja bila mashabiki. Januari 19, 2025 Simba ikaifunga CS Constantine 2-0 mbele ya majukwaa matupu. Mtu aliyepanga kusafiri kutoka Dodoma kuiona timu yake ikiongoza kundi aliambiwa akae nyumbani kwa sababu ya mtu aliyeng'oa kiti kwenye mechi waliyoshinda. Hakuna nadharia ya klabu na wadhamini inayoweza kumsafisha aliyekishika kile kiti. Alikuwa na mikono yake mwenyewe.

Lakini hata hapa naomba tuangalie vizuri jinsi klabu zinavyoongea na watu hawa kabla ya mechi kubwa. Wiki nzima mpinzani huitwa adui, uwanja huitwa machinjio, na wanaohamasisha hushindana nani atatisha zaidi. Watu hufika langoni saa 4 asubuhi kwa mechi ya saa 10 jioni, wakakaa juani bila maji ya kutosha wala maelezo ya mlango upi wapite. Kabla ya fainali ile ya Mei 28, 2023 kulikuwa na msongamano nje ya uwanja wa Mkapa, mtu 1 akapoteza maisha na wengine wakajeruhiwa. Siku iliyopaswa kuwa kubwa kuliko zote katika historia ya Yanga ilianza na msiba, na ndani ya wiki moja mjadala ulikuwa umerudi kwenye bao la ugenini. Mimi naona hilo ni jambo zito kuliko kocha yeyote aliyefukuzwa. Tunahesabu mabao, tunahesabu mataji, tunahesabu fedha za wadhamini, lakini jina la aliyefia getini halikai kwenye kumbukumbu za msimu. Shabiki anayeona kwamba uhai wake hauna uzito kwa waandaaji hawezi kutegemewa kuthamini kiti cha plastiki cha serikali.

Machi 8, 2025 ilitoa mfano mwingine wa nafasi hiyo ya shabiki. Usiku wa kuamkia mechi ya watani Simba ilidai imezuiwa kufanya mazoezi uwanjani na watu iliowataja kuwa makomandoo wa Yanga, ikatangaza haitacheza. Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi siku yenyewe. Watu walikuwa wameshafika Dar es Salaam kwa mabasi ya usiku kutoka Mwanza, Mbeya na Arusha, wamelipa nauli na nyumba za wageni. Miezi iliyofuata ilitawaliwa na kanuni, barua na kamati, mpaka mechi ikachezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Katika mvutano wote ule sikusikia klabu yoyote kati ya hizo mbili ikiweka hasara ya msafiri yule mbele ya hoja zake. Kila upande uliwaita mashabiki wake kuunga mkono msimamo, nao wakaunga mkono, wakatukanana mtandaoni wiki nzima kwa ajili ya viongozi ambao hawakuwa wamepoteza nauli. Uaminifu wa aina hiyo upo, ni mkubwa, na unatumiwa vibaya.

Kama hoja yangu ni sahihi, basi kuwahubiria mashabiki kuhusu subira hakutabadilisha kitu. Kinachoweza kubadilisha ni klabu kuanza kusema mambo kabla ya kushindwa. Kocha anapotambulishwa, wanachama waambiwe malengo yake kwa maandishi: afike hatua gani Afrika, atumie vijana wangapi, apimwe lini. Akifungwa mechi moja kabla ya tarehe hiyo, rais wa klabu awe na karatasi ya kuonyesha, na shabiki awe na kitu cha kujadili zaidi ya hasira. Akifukuzwa, taarifa ieleze lengo lipi limekosekana, badala ya zile aya 2 za kumshukuru na kumtakia kila la heri ambazo sasa tunazijua kwa moyo. Viongozi watasema hilo linawafunga mikono. Ndiyo, na ndiyo maana linahitajika, kwa sababu leo kelele za vijiweni ndizo zinazowapa kisingizio cha kumwondoa mtu ambaye huenda walishakosana naye kwa mambo mengine kabisa.

Upande wa usalama, matawi yapo tayari na yana nguvu kuliko tunavyodhani. Yaliweza kukusanya shilingi elfu elfu nchi nzima wakati wa Zahera, na yaliwavusha maelfu kwenda Zanzibar Mei 2025 fainali ya Simba ilipohamishiwa Amaan, yakapanga boti na malazi. Mtandao huo unaweza kuwa na watu wake kwenye kila mlango wa Mkapa, wenye vizibao, wanaojulikana kwa sura na jukwaa lao, wanaoketi na polisi na Bodi ya Ligi siku 3 kabla ya mechi na kusema mlango huu hautoshi, hapa pawekwe maji, wale wageni wasikae karibu na kundi hili. Hawa ndio wanaomjua mng'oa viti kwa jina la utani, na wanaweza kumshika mkono kabla hajakigusa kiti. Fedha zake si nyingi. Sehemu ndogo ya mapato ya mlangoni ya mechi moja ya watani ingetosha kwa msimu mzima, na mechi ya kwanza ya makundi kwa Mkapa ni mahali pazuri pa kuanzia, kabla shirikisho la Afrika halijatuandikia barua nyingine.